Shajara ya mradi: Kiingereza cha kuongea kwa wagumu wa Kilimanjaro

Kikundi kina watu 12 wanaofanya kazi mlimani: wagumu (wapagazi wa mlimani) tisa, wapishi wawili na msaidizi mmoja wa kiongozi. Wote wanaishi Moshi na vijiji vya jirani. Nusu waliishia darasa la saba, nusu kidato cha nne. Lengo limeandikwa ukutani tangu siku ya kwanza: kila mmoja aongee na mgeni dakika kumi bila kukimbia mazungumzo, na maneno ya usalama ayaseme yakaeleweka mara ya kwanza. Sarufi haimo kwenye lengo, lakini inaingia pale kazi inapoidai.

Kazi inafanyika masika, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Juni, kwa kuwa huo ndio msimu ambao mlima umetulia na watu wako nyumbani. Vikao ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi jioni hadi saa kumi na moja na nusu, kwenye chumba cha kupanga Majengo. Vifaa ni vichache: simu za wanakikundi wenyewe, spika ndogo moja, hedfoni jozi sita, kadi za manila zilizokatwa saizi ya karata, na maboksi ya viatu. Kitabu cha kiada hakuna.

Wiki ya 1: kupima kabla ya kufundisha

Kila mmoja aliingia peke yake chumba cha nyuma akajirekodi dakika mbili akieleza jambo moja: kesho tunatoka kambi ya Shira kwenda Barranco, siku itakuwaje? Maandalizi ni nusu dakika tu. Mada imechaguliwa makusudi. Ukimwambia mtu mzima aongelee "my hobbies" akanyamaza, hujui amekosa Kiingereza au amekosa la kusema. Njia ya Shira kwenda Barranco kila mmoja wao anaijua kwa miguu.

Kwenye rekodi tunaangalia vitu vitatu: maneno yaliyotamkwa ndani ya dakika moja ya katikati, vituo vinavyozidi sekunde tatu, na mahali vituo hivyo vinapoangukia. Hicho cha tatu ndicho chenye habari nyingi kuliko vingine. Mtu anayeongea kwa wepesi huvuta pumzi mwisho wa wazo: "Tomorrow we wake up at six thirty", anapumua, "and after breakfast we walk to Lava Tower." Wengi kwenye kikundi walisimama katikati ya wazo: "Tomorrow we… we are… wake up." Kituo kikiangukia hapo, ujue mtu anajenga sentensi tofali moja moja, kila tofali analitafsiri kutoka Kiswahili kabla ya kuliweka. Huyo hahitaji maneno mapya. Maneno anayo, anachokosa ni vifungu vilivyokwisha kuungana kinywani.

Waliomaliza kidato cha nne hawakuwaacha mbali wenzao wa darasa la saba. Wana maneno mengi zaidi, ila wanasimama mara nyingi zaidi ili kujisahihisha. Sababu inajulikana. Shule ya msingi ya serikali imefundisha kwa Kiswahili tangu 1967, Kiingereza kikiwa somo kama masomo mengine. Sekondari ndicho lugha ya kufundishia, lakini mwanafunzi anakitumia zaidi kunakili ubaoni na kujibu mtihani, na kwenye mtihani kila kosa lina alama inayokatwa. Mtu aliyelelewa na kalamu nyekundu hawezi kufungua kinywa kabla hajakagua sentensi yote kichwani.

Rekodi zimehifadhiwa kwenye simu ya mwenyewe na nakala moja kwa mwezeshaji. Hazichezwi mbele ya watu.

Wiki ya 2: kadi za kazi, na suala la saa

Kila mwanakikundi ana boksi la viatu lililogawanywa vyumba vitano kwa vipande vya katoni. Kadi mpya inaanza chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukiipata bila kusita inahamia cha pili, kinachopitiwa kila baada ya siku mbili. Kisha siku nne, wiki moja, wiki mbili. Ukiikosa inarudi chumba cha kwanza, hata kama ilikuwa imefika cha tano. Mfumo huu aliueneza mwandishi wa habari wa Kijerumani, Sebastian Leitner, mwaka 1972, na hauhitaji bando wala umeme.

Kadi hazibebi neno moja moja. Mbele inaandikwa hali kwa Kiswahili, nyuma sentensi nzima ya Kiingereza.

Mbele: Mgeni anatembea haraka mno, mpunguze bila kumkera. Nyuma: "Let's slow down a little. We have plenty of time."

Mbele: Unataka chupa zake ukajaze maji. Nyuma: "Can I take your bottles? I'll fill them for you."

Mbele: Asubuhi, unataka kujua hali yake kwa kweli, si salamu. Nyuma: "How did you sleep? Any headache?"

Kadi mpya ni tano kwa siku, basi. Waliojikaza kuandika ishirini walijikuta chumba cha kwanza kimejaa, kukipitia kunakula nusu saa, na ifikapo Ijumaa boksi limewekwa uvunguni. Kosa jingine ni kuandika mbele tafsiri ya sentensi badala ya hali. Ukiandika "Tupunguze mwendo kidogo, tuna muda wa kutosha", kichwa kinazoea kutafsiri, na ndicho kile kile tunachotaka kukiacha.

Saa ilichukua kikao kizima na ilistahili. Saa za Kiswahili zinaanza kuhesabiwa macheo na machweo, za Kiingereza usiku wa manane na adhuhuri, na tofauti ya sita kila mtu anaijua. Tatizo ni kwamba kujumlisha na kutoa sita kunafaa mtu akiwa ameketi. Akiwa amechoka na baridi imemwingia, ulimi unatoa namba ya Kiswahili. Mgumu anayekusudia saa tano usiku akasema "five o'clock", mgeni anatega kengele ya saa kumi na moja alfajiri, wakati ambao wenzake watakuwa wanakaribia Stella Point, ukingoni mwa kreta karibu na kilele. Kwa hiyo hatufundishi hesabu. Tunashikilia nyakati sita za kazi kama nanga: kuamka "six thirty", chai "seven", kuondoka kambini "eight", chakula cha jioni "six in the evening", kuamshwa usiku wa kilele "eleven at night", kuanza kupanda "midnight". Mmoja anainua uso wa saa uliochorwa, mwingine anajibu kwa sentensi nzima: "We wake you up at eleven tonight, and we start walking at midnight." Neno la namba peke yake halipokelewi.

Wiki ya 3: tatu, mbili, moja

Zoezi hili ndilo uti wa mgongo wa mradi. Keith Maurice alilieleza mwaka 1983 likiwa la dakika nne, tatu na mbili, na Paul Nation wa New Zealand akalieneza. Kwa kikundi hiki dakika nne zilikuwa nyingi, tukaanza na tatu, mbili, moja.

Watu wanakaa mistari miwili wakitazamana. Mstari wa A unaeleza mada kwa dakika tatu, B anasikiliza. Mstari wa B unasogea kiti kimoja, A anaeleza mada ile ile kwa msikilizaji mpya kwa dakika mbili. Unasogea tena, dakika moja. Kisha mistari inabadilishana kazi. Mada ya wiki: kwa nini siku ya tatu ya njia ya Machame tunapanda hadi Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, halafu tunashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000? Mgeni huuliza swali hili karibu kila safari, naye huwa amekasirika, kwa sababu anaona jasho lake limepotea bure.

Raundi ya kwanza mtu anatafuta la kusema na namna ya kulisema kwa pamoja, na vyote viwili vinagombania kichwa kimoja. Raundi ya pili la kusema lipo tayari. Raundi ya tatu hata vifungu vipo tayari, na kinywa kinakwenda. Mtu anajisikia mwenyewe akiongea upesi kuliko alivyodhani anaweza. Hapo ndipo kujiamini kunapotoka, na tunaliandika kwa uhakika: mtu mzima hajiamini kwanza ndipo aongee. Anaongea jambo lile lile hadi liwe jepesi, ndipo anajiamini.

Yanayoharibika ni haya. Mtu anafupisha badala ya kuharakisha: dakika moja ikifika anasema sentensi tatu na kunyamaza. Tukaweka hoja tano za lazima ubaoni kwa michoro tu, bila maneno (hewa nyembamba, kupanda, mwili kuzoea, kushuka, usingizi), na msikilizaji anakunja kidole kwa kila hoja iliyotajwa. Mwingine anaandika maelezo yote daftarini na kuyasoma. Daftari likafungwa, yakaruhusiwa maneno makuu sita tu kwenye kadi. Na la tatu, zito zaidi, ni kwamba kosa la raundi ya kwanza hurudi la pili na la tatu, kila mara likizama zaidi. Kwa hiyo kati ya raundi ya kwanza na ya pili mwezeshaji anampa kila msemaji kipande cha karatasi chenye kosa moja, lililosahihishwa. Moja tu. Ukimpa matatu anarudi kwenye ukaguzi wa kichwani, na raundi ya pili inakuwa polepole kuliko ya kwanza.

Wiki ya 4: woga uko masikioni

Mwanzoni mwa wiki tuliweka mgeni wa kuigiza, mtu asiyejulikana na kikundi, aongee kwa mwendo wake wa kawaida. Watu walewale waliokuwa wakieleza Lava Tower kwa wepesi waliishia swali la kwanza. Mgeni aliuliza, "How far d'you think it is from here?" na jibu lililotoka mara nyingi ni "Yes." Tulipowauliza kwa Kiswahili, hakuna aliyekosa jibu. Hawakusikia swali.

Hili limebadilisha mpangilio wote wa mradi. Mgumu anayejificha jikoni mgeni akikaribia haogopi kukosea kusema; anaogopa kuulizwa. Muda wa kusikiliza umepandishwa kutoka robo kikao hadi nusu kikao.

Sababu ya kutosikia ni ya kimsingi. Kiswahili kinatamka kila silabi kwa uzito unaokaribiana, na mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mpaka wa neno unaonekana. Kiingereza kinakanyaga maneno makubwa na kuyameza madogo. Katika "How far d'you think it is from here?" mtu anapata "far", "think" na "here", kilichobaki ni mvumo. Mtu aliyejifunza kwa macho anasubiri kusikia "do", "you" na "from" kama zilivyoandikwa, hazifiki, anaona ameshindwa.

Zoezi ni imla ndogo. Kipande cha sauti kisizidi sekunde kumi. Kinachezwa mara tano: ya kwanza kusikiliza tu, ya pili na ya tatu kuandika ulichopata, ya nne kujaza mapengo, ya tano ukiwa na maandishi sahihi mbele yako. Halafu kila mtu anazungushia duara alichokosa. Baada ya vikao vitatu madaftari yote yanasema jambo moja: maduara yako kwenye "of", "to", "have", "'ll", "d'you". Mtu akiona kwamba anachokosa ni kundi dogo la vijineno na sio "Kiingereza chote", uso unabadilika.

Sauti tunazotumia ni za wageni waliokubali kurekodiwa, na tunazichanganya: Mmarekani, Mjerumani, Mhindi, Mskoti. Wageni wengi wa mlimani Kiingereza si lugha yao ya kwanza pia, na ni vizuri kikundi kijue hivyo. Nyumbani wanasikiliza vipindi vya bure vya dakika sita vya BBC Learning English; anayeviona vina kasi anaanza na vile vya VOA vya wanaojifunza, vinavyosomwa polepole na kwa maneno machache.

Kisha kuna ngazi za kuuliza tena, ambazo sasa ziko kwenye kadi za kila mtu. Ngazi ya kwanza: "Sorry?" Inatosha mara moja tu. Ngazi ya pili: rudia ulichopata, acha pengo: "Sorry, the water is what?" Mgeni anajaza pengo peke yake, na hasemi upya sentensi yote kwa sauti ya juu. Ngazi ya tatu: mpe achague: "Do you mean today or tomorrow?" Ngazi ya nne: "Let me ask the guide so I give you the right answer." Hiyo ya nne si kushindwa. Ni jibu la kitaalamu, na lina heshima yake.

Kitu kimoja kimepigwa marufuku moja kwa moja: "yes" ya kutoka kwenye mazungumzo. Mgeni anaweza kuwa ameuliza kama ameze kidonge kingine cha Diamox, dawa ya ugonjwa wa mwinuko.

Mvua ilitusumbua wiki nzima. Bati likipigwa, spika haisikiki kabisa. Tuligawa faili kwenye simu sita na hedfoni, wawili kwa jozi moja, sikio moja kila mtu. Imekuwa bora kuliko spika, kwa sababu wawili hao wanasimamisha na kurudia kwa mwendo wao. Hata masika ikiisha tutaendelea hivyo.

Wiki ya 5: sauti chache tu

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza kinahesabiwa kuwa na irabu zipatazo ishirini, ukijumlisha zile mbilimbili. Kuzifundisha zote ni kupoteza masika. Tunachukua zinazogongana kazini.

Mfano mkubwa ni "hat", "hut" na "heart". Kwa mtu wa Kiswahili zote tatu zinatoka "hat", na mlimani zote tatu zinatumika siku moja: vaa kofia, tunafika Kibo Hut, moyo unakwenda mbio. "Hat": taya linashuka, midomo inavutwa pembeni, sauti iko mbele. "Hut": fupi sana, mdomo umelegea, karibu kama kuguna. "Heart": ndefu, koo wazi, hesabu moja-mbili kichwani kabla ya kuifunga kwa "t". Jozi nyingine ni "walk" na "work", "live" na "leave", "cold" na "called".

Mchezo wa kuzipima: kadi kumi zimelala kifudifudi, msemaji anachukua moja, anatamka, mwenzake anaonyesha picha. Nane kati ya kumi zikionyeshwa sawa, jozi hiyo imepita. Msemaji haambiwi "umekosea". Anaona mwenyewe kidole kimekwenda kwenye picha gani, na anarekebisha kinywa bila aibu ya kusahihishwa na mtu.

Namba zina hatari yake: "thirteen" na "thirty", "fifteen" na "fifty". Zinatenganishwa na mkazo: "-teen" inakanyagwa na kuvutwa, "-ty" inadondoshwa. Ukiwa na shaka, sema tarakimu: "fifteen, one five". Marubani wanafanya hivyo, hakuna ubaya mgumu akifanya.

"Th" tumeiacha. "Tank you" inaeleweka na kila mgeni.

Wiki ya 6: aibu, na waliokwenda shamba

Mahudhurio yameshuka. Wengine wako shambani, palizi ya mahindi haisubiri, na wawili wamepata safari. Kazi ya nyumbani imehamia WhatsApp: ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa siku. Unaruhusiwa kurekodi mara mbili, unatuma ya pili. Tulipoacha bila kikomo, watu walirekodi hadi usiku wakitafuta usafi, halafu hawakutuma kitu. Mwezeshaji anajibu ndani ya siku moja, kwa sauti pia, jambo moja lililokwenda vizuri likitajwa kwa jina lake na jambo moja la kurekebisha. "Vizuri sana" peke yake haimfundishi mtu lolote.

Kwenye chumba, aibu ina sura mbili. Ya kwanza ni umri. Mpishi mwenye miaka zaidi ya arobaini, anayeitwa Mzee na kambi nzima, hataki kubabaika mbele ya kijana anayemwamkia shikamoo. Tumeacha kupanga jozi kwa kiwango cha Kiingereza na kuzipanga kwa ujuzi wa mlima. Kijana anauliza, Mzee anajibu, kwa sababu habari anazo yeye: nyama inakaaje siku sita bila friji, nini kinapikwa usiku wa kilele na kwa nini supu inatangulia. Heshima inabaki mahali pake na Kiingereza kinapita.

Ya pili ni ile kauli ya mtaani, "unajifanya mzungu." Watanzania wawili wakizungumza Kiingereza bila sababu wanachekwa, na mchekaji ana hoja. Kwa hiyo hapa hakuna Kiingereza bila sababu. Katika kila jozi mmoja anavaa skafu ya rangi ya chungwa, huyo ni mgeni, na mgeni hajui Kiswahili. Skafu ikivuliwa, watu wanarudi kwenye Kiswahili chao wakiwa huru. Kelele za kuchekana zimeisha karibu zote tangu skafu ianze kutumika.

Wiki ya 7

Mambo mawili ya sarufi yameingia, kwa kuwa kazi inayadai.

"He" na "she": Kiswahili hakitenganishi, na mgeni mwanamke anayeitwa "he" mbele ya mumewe hukumbuka safari nzima. Zoezi: eleza picha ya mume na mke kambini kwa dakika mbili, mwenzako anagonga meza kila ukichanganya, hasemi kitu. Mlio wa meza unatosha.

Wakati uliopita: vitenzi ishirini tu, vile vinavyohitajika kuripoti mgonjwa: ate, drank, slept, felt, fell, took, vomited, started, stopped na vingine. "She vomit" haimwambii kiongozi kama ni sasa, jana au kila siku. "She vomited two times after dinner" inamwambia.

Wiki ya 8 na ya 9: maneno ya usalama

Sehemu hii tuliiandaa tangu mwanzo. Mgumu ndiye anayempitia mgeni hemani usiku na ndiye anayemwona akiyumba kwenda chooni. Akiona na asiweze kusema, alichokiona hakina faida.

Maswali kwanza. "Are you OK?" limefutwa kwenye kadi zote. Mgeni mwenye tamaa ya kilele kichwani atajibu "I'm fine" hata akiwa taabani, kwa kuogopa kushushwa. Swali linalofaa linaomba kitu kinachohesabika au kinachoonekana: "Does your head hurt?" "From zero to ten, how bad?" "Did you finish your dinner?" "How many litres did you drink today?"

Maswali ya kukanusha yamepigwa marufuku. Ukiuliza "You don't have a headache?", mtu wa Kiswahili akijibu ndiyo anamaanisha "ndiyo, sina", ilhali Mwingereza kwa maana hiyo hiyo husema "No". Hapo "yes" ya mgeni na "yes" ya mgumu ni vitu viwili tofauti, na kati yao kuna kichwa kinachouma. Uliza kwa kukubali, jibu kwa sentensi: "Do you have a headache?" "No, I don't."

Kuripoti kwa kiongozi kuna sehemu nne, kila mara kwa mpangilio huo huo: nani, nini, tangu lini, unaomba nini. "The lady in tent four. She is confused, she can't walk straight. It started one hour ago. Please come now." Kwa kiongozi Mtanzania utasema Kiswahili, bila shaka, lakini mara nyingi mwenzake mgeni amesimama pale, na anahitaji kusikia.

Kisha lile gumu kuliko yote: kumwambia mtu anashuka. Hapa adabu ya Kiswahili ilisimama njiani. Sisi hatumwambii mtu mzima jambo zito bila kulilainisha, na wanakikundi wote walianza na "Maybe we can try to go down a little." Mgeni aliyeweka akiba ya miaka kwa safari hii akisikia "maybe" anaanza kujadiliana. Tumetengeneza kadi za rangi mbili. Nyeupe ni za upole, za mambo ya starehe: "Would you like some tea?" Nyekundu hazina "maybe", hazina "please", hazizidi maneno tisa kwa sentensi, na zinafuatwa na kitendo. "We are going down now." Unachukua begi lake. "You are sick from the altitude. Going down is the treatment." Unasimama upande wake. "Walk with me." Upole unahamia kwenye sauti na mkono, unatoka kwenye maneno.

Zoezi linafanyika nje, kwenye mteremko, skafu ya chungwa ikimbana mgumu kwa visingizio vitatu: nimelipa pesa nyingi, niko sawa, nipe saa moja. Mgumu anarudia kadi nyekundu ile ile, kwa sauti ile ile, bila kuongeza maelezo. Kila maelezo mapya ni mlango mpya wa ubishi. Kujua dalili ni kazi ya mafunzo ya huduma ya kwanza na uamuzi ni wa kiongozi. Sisi tunahakikisha tu kwamba uamuzi ukishatolewa, unasemeka. Kuchanganyikiwa, kuyumba, kukosa pumzi mtu akiwa amepumzika: kwa hayo matatu kila mmoja sasa ana sentensi isiyosita.

Wiki ya 10: kupima tena, na mlimani

Mada ile ile, dakika mbili, chumba kile kile. Kila mmoja alisikiliza rekodi yake ya Machi kwanza, peke yake, kisha akarekodi mpya. Vituo vya katikati ya wazo vimepungua karibu kwa wote. Vilivyobaki vimehamia mwisho wa wazo, mahali pake. Wawili hawakusogea sana, nao ndio waliokosa wiki ya 3 na ya 4. Mmoja ana kasi nzuri lakini anameza mwisho wa maneno kiasi cha kutoeleweka. Anahitaji wiki ya 5 irudiwe, taratibu. "A" na "the" zimebaki ovyo kwa kila mtu na tunaziacha hivyo.

Juni wageni wanarudi, vikao vinasimama. Kinachobaki ni cha dakika kumi kwa siku. Dakika tano ni kufuatisha sauti: kipande cha nusu dakika kwenye simu, sikiliza mara mbili, kisha sema pamoja nacho kwa kunong'ona, kisha kwa sauti kamili, bila kusimama ukikosa. Kipande kimoja kinatosha wiki nzima. Dakika nyingine tano ni za kambini: muulize mgeni mmoja swali moja ambalo hujui jibu lake, na usiku andika sentensi moja uliyoisikia kwake, nzima, kama alivyoisema. Anayepata mtandao anaituma kwenye kundi; asiyepata anaileta akishuka.

Ya kuandaa kabla ya masika ijayo: rekodi za Wafaransa na Wajapani, ambazo hatuna, hedfoni nne za ziada, na kadi nyekundu zifunikwe kwa nailoni, maana za mwaka huu zimelowa zote.